Wimbo Bila Besi

Nilikuwa mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya sekondari mjini Goma, na kwa kuwa nilijua kusoma nota, nikapewa pia korali ya shule. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Prefe, mkuu wa shule yetu, alinisimamisha barazani akaniambia kwamba padri aliyekuwa akiwafundisha waimbaji amehamishwa. "Kuanzia leo wale batoto ni wako, Madamu," akasema, kisha akaendelea na safari yake ya ofisini.

Nilirithi chumba kidogo chenye harmoniamu iliyokohoa kila ulipoikanyaga, kabati la karatasi za nyimbo, na waimbaji waliozoea kuimba kilichoandikwa jinsi kilivyoandikwa. Karatasi zile zote zilikuwa za sauti nne: soprano, alto, tenori na besi. Mwanzoni tulikuwa nazo zote.

Mji wakati huo ulikuwa mikononi mwa waasi. Ofisi zilifunguliwa asubuhi, soko lilijaa, kengele ya shule ililia kama kawaida. Lakini vijana wakubwa walikuwa wakikamatwa njiani na kupelekwa kujifunza bunduki, na kila mzazi mwenye kijana aliyeota ndevu alitafuta namna ya kumwondoa. Wengine walipelekwa Butembo, wengine Kampala, wengine walifungiwa nyumbani kama wagonjwa. Kwenye korali jambo hilo lilionekana upande wa kulia, mahali walipokaa besi. Walipungua bila kuaga. Siku moja nilinyoosha mkono kuwaingiza na hakuna sauti iliyotoka, maana benchi lao lilikuwa tupu. Wasichana waliendelea kuimba juu ya nafasi ile. Watoto wa Goma walikuwa wameshajifunza kutouliza mtu asiyekuja yuko wapi.

Mmoja wa besi wale alikuwa kaka wa msichana aliyekuwa soprano wangu bora. Yeye hakusafirishwa. Alichukuliwa asubuhi akija shuleni, begi mgongoni, na dada yake akiwa hatua chache nyuma yake. Dada alifika darasani siku hiyo hiyo akakaa mahali pake. Nilijua habari ile jioni tu, kwa mdomo wa mtu mwingine.

Kisha mlima wa volkano ulio juu ya mji wetu ukafunguka. Moto ulitokea upande wa Munigi, ukashuka kupitia uwanja wa ndege, ukapita Majengo na katikati ya mji mpaka ziwani. Sisi tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, mimi nikimshika mama yangu mkono na yeye akishika sufuria la maharage ambalo hakukubali kuliacha. Tulilala nje pamoja na maelfu ya watu, tukitazama anga ya kwetu ikiwa nyekundu. Hatukukaa sana. Watu walirudi mawe bado yakitoa mvuke, wakipanga mbao za kukanyagia, kila mtu akitafuta kona ya nyumba yake.

Shule yetu ilikuwa imekatwa katikati. Upande wa madarasa ya chini ulibaki umesimama. Upande wa pili ulikuwa jiwe jeusi, lililokunjamana kama nguo iliyotupwa. Chumba cha muziki kilijaa jiwe hadi madirishani, kwa hiyo ulisimama mahali palipokuwa bustani ukaona dirisha likiwa karibu na magoti yako. Harmoniamu sikuiona tena, wala karatasi hata moja.

Prefe alifungua shule upya chini ya mahema ya plastiki. Alipoita majina, kuna jina ambalo hakuna aliyeliitikia, na wenzake wakatazama chini. Alikuwa msichana wa korali, soprano mwingine, mcheshi, aliyependa kuchelewa na kujieleza kwa maneno mengi. Kwao ilikuwa Majengo. Siku ya moto, mama yake alitangulia na watoto wadogo, mmoja mgongoni na wengine mikononi, na msichana akabaki ili aje na koko yake, bibi mzaa mama, ambaye miguu yake haikuwa na nguvu. "Nitamuleta koko polepole," ndivyo alivyomwambia mama yake. Mama alisubiri mpakani. Hawakufika.

Hapakuwa na mwili wa kuzika. Ndiyo maana yule mama alipokuja shuleni, alikuja kuomba misa. Alikaa mbele ya meza ya prefe, nami niliitwa kwa sababu ya nyimbo. Alikuwa mwanamke wa Rutshuru, mrefu, mwenye kitenge ambacho ilikuwa wazi kwamba si chake, cha kupewa.

"Niko na ombi moja," alisema. "Mama yangu alikuwa na wimbo ya kulalisha mutoto. Aliniimbia mimi, akaimbia na binti yangu. Ninataka korali iimbe ile."

Prefe alimtazama. "Iko mu luga gani, mama?"

"Mu luga yetu. Kinyarwanda."

Prefe alikuwa mtu mwema, na alikuwa na hofu, na mimi sikumlaumu kwa hofu ile. Mama alipotoka, prefe alinigeukia. "Madamu, unajua wakati tuko ndani yake. Tukiimba, kuna watakaosema tunawasifu wale wenye bunduki, kwa sababu ni luga yao. Tusipoimba, wenye bunduki watauliza kwa nini tunachukia luga ya watu. Na mbele kabisa patakaa mutu wa utawala wao, siwezi kumukataza."

"Ni wimbo wa kulaza mtoto," nilisema.

"Najua ni ya nini."

Mwishoni alisema nifanye, ila nifanye vizuri. Nadhani alitaka uzuri utukinge.

Nilimfuata yule mama mahali alipopewa hifadhi, nyumba ya mbao nyuma ya parokia. Tulikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Aliniimbia wimbo mara mbili, kwa sauti ya kawaida, akinitafsiria. Maneno yalikuwa machache: mtoto anyamaze, ndama wamerudi, moto jikoni bado unawaka, mama yupo. Nilisita pale kwenye moto.

"Mama, hili neno tunaweza kulibadilisha. Watu wataelewa."

Alitikisa kichwa. "Ule ni moto ya jikoni. Siyo huu. Usiubadilishe."

Mara ya tatu alipoanza, sauti ilimkatika kwenye maneno ya kwanza. Hakuacha. Alifunga midomo akaumaliza wimbo mzima hivyo, bila neno, akitazama mikono yake. Nami nikafuata kwa kidole gotini mwangu mpaka nikaushika wote.

Sikuwahi kupanga sauti za wimbo kabla ya hapo. Niliwahi kuimba zilizopangwa na wengine, watu wa mbali waliokuwa na besi wengi na vinanda vikubwa. Sasa nilikuwa na chaki, ubao mmoja, wasichana, na wavulana wachache ambao sauti zao hazijavunjika, maana tenori nao walikuwa wameondoka. Kwa wiki nzima nilitembea mjini nikinung'unika. Nilichota maji nikiimba alto. Nilipanga foleni ya unga nikiimba soprano, na mama mmoja mbele yangu akageuka kuuliza kama ninaumwa.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mbaya. Nilikumbuka karatasi zilizoungua na kujaribu kuandika kama zile. Wimbo ule unatembea juu ya nota tano tu. Haugusi nota ya fa wala nota ya si. Mimi nikaweka hizo mbili kila mahali, nikajaza, nikaupamba mwisho. Nafasi ya besi niliwapa wasichana wenye sauti nzito, wakajikaza shingo, wakatoa kitu kilichosikika kama mtu anayezungumza ndani ya pipa. Tulipomaliza, prefe, aliyekuwa amesimama nje ya hema, aliingia.

"Ni nzuri sana, Madamu," alisema kwa adabu. Kisha akauliza, "Lakini wimbo ya yule mama iko wapi?"

Niliwaruhusu watoto waende, nikafuta ubao wote.

Nilianza tena kwa kuondoa. Nilibaki na nota tano za wimbo wenyewe, nikazigawa. Sauti ya pili niliipa kutembea chini ya ile ya kwanza, karibu karibu, kama watu wawili wanaopita kwenye njia nyembamba. Sauti ya tatu niliiweka mahali pamoja, ishike nota moja muda mrefu, ibadilishe mara chache tu. Chini ya hapo sikuandika kitu. Nilijaribu mara kadhaa kuweka chochote pale, hata mlio wa kufunga midomo, na kila mara nilisikia uongo. Sauti zile zilikuwa zimeondoka. Niliacha chini wazi.

Mazoezi yalipoanza upya niliwaambia waimbaji kwamba kuna wenzao wanaojua lugha hii, watusaidie matamshi. Hakuna aliyeinua mkono. Nilijua ni akina nani, na wao walijua kwamba najua. Wasichana wa alto, watatu au wanne, ambao shuleni walizungumza Kiswahili na Kifaransa tu na hawakuitana hata kwa majina ya nyumbani. Mwishoni mmoja alisimama. Alikuwa binti wa wafugaji wa Masisi, mpole kiasi cha kusahaulika. Alitamka mstari wa kwanza. Wenzake wakarudia. Akasema, kwa sauti ndogo, "Hapana. Hapa munavuta. Hapa munakata." Wakarudia tena. Kufikia mwisho wa saa alikuwa akiwarekebisha kwa mkono kiunoni, na hata mimi alinirekebisha.

Soprano wangu hakufungua kinywa siku hiyo. Baada ya mazoezi alibaki amesimama kando ya ubao.

"Madamu, unisamehe. Haya maneno siwezi kuyatia mu kinywa."

"Kwa sababu ya kaka yako?"

"Wale waliomuchukua walikuwa wanasema hivi hivi. Nilisikia. Nilikuwa nyuma yake."

Ningeweza kumwambia mambo mengi. Ningeweza kumwambia kwamba lugha haikumkamata kaka yake, kwamba yule binti wa Masisi naye ana watu wake waliouawa na watu waliosema lugha nyingine, kwamba marehemu alikuwa rafiki yake na walikaa benchi moja. Yote hayo aliyajua. Alikuwa analia kwa kujizuia, na alimpenda marehemu, na hakuweza.

"Ungependa usiimbe kabisa?" nilimwuliza.

"Ninataka kumuimbia. Lakini siyo haya maneno."

Nilienda nyumbani na jambo hilo. Asubuhi nilimkumbuka yule mama juu ya ndoo, midomo imefungwa, akimaliza wimbo bila neno. Nikaandika sauti nyingine juu ya zote, ya mtu mmoja, isiyo na maneno hata moja. Inaingia wimbo ukiwa umefika nusu, inapanda taratibu, inakaa juu ya sauti nyingine, na wenzake wanapomaliza maneno yao inabaki peke yake kidogo kabla ya kushuka. Nilimwimbia soprano ile sauti. Aliisikiliza akiangalia nje.

"Hii ninaweza," alisema.

Misa ilifanyika uwanjani kwetu, juu ya jiwe lenyewe, kwa kuwa kanisa la karibu lilikuwa limebaki kuta. Wazee wa shule walipanga viti vya kuazima. Vingi viliyumba kwa sababu jiwe halikuwa sawa. Mtu wa utawala alikuja, akaketi mbele, na askari wake wakasimama barabarani na bunduki zao. Yule mama alikuwa amevaa nyeupe. Watoto wake wadogo walikaa miguuni pake wakichezea vijiwe vyeusi.

Baada ya komunyo nilisimama mbele ya korali. Nilitoa nota kwa mdomo, maana hapakuwa na chombo chochote. Walianza.

Kwenye maneno ya kwanza niliona watu wakitazamana. Prefe alikuwa ameshika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake. Mtu wa utawala aliinua kichwa. Kisha hakuna kilichotokea, ila kwamba wimbo uliendelea, na wanawake wawili watatu waliotoka Rutshuru wakaanza kulia kwa sauti, kilio cha watu ambao kwa muda mrefu hawakusikia jambo lao likisemwa mbele za watu. Lilipofika neno la moto, mama wa marehemu alifumba macho.

Soprano aliingia mahali pake. Sauti yake ilikuwa safi kuliko mazoezini. Ilipanda kama nilivyoiandika, ikakaa juu, halafu ikakatika. Nilimtazama. Yeye hakunitazama mimi. Alikuwa akitazama barabarani, juu ya vichwa vya watu. Wenzake waliendelea. Nilihesabu kimya kimya, nikiwa nimemnyooshea mkono, nisijue kama nimsubiri au nimwache. Kisha akarudi. Alirudi mahali ambapo angekuwa kama asingenyamaza, akashuka na ule mstari hadi mwisho, peke yake, mpaka hewa ikamwishia.

Hakuna aliyepiga makofi, na hilo lilikuwa sawa.

Watu walipokuwa wakirudisha viti nilimkuta nyuma ya hema akinywa maji.

"Kilikukuta nini pale katikati?"

"Uliona yule askari kando ya barabara? Yule mwenye koti kubwa?"

Sikuwa nimemwona.

"Alikuwa anaimba, Madamu. Midomo yake ilikuwa inaenda. Anaujua wote." Alimwaga maji yaliyobaki juu ya jiwe. "Nilitaka kunyamaza kabisa."

"Kwa nini uliendelea?"

"Sikuwa ninamuimbia yeye."

Yule mama alikuja kutuaga. Alimshika mkono binti wa Masisi akazungumza naye kwa lugha yao, wazi, mbele ya watu wote. Kwa soprano alisimama muda mrefu zaidi, akimsugua mabega kama mtu anayemwondolea mtoto baridi. Msichana alikubali.

Mwaka uliofuata yule mama alimleta shuleni kwetu binti yake mdogo. Hakuniambia neno juu ya korali. Mtoto mwenyewe alijileta siku ya mazoezi. Nilimpima, sauti yake ilikuwa ya chini, nikamweka alto. Hakufanana na dada yake hata kidogo. Aliwahi kila siku.

Tangu pale nimepanga nyimbo nyingi, na karibu zote nimezipanga kwa kuangalia kwanza nani yupo. Waasi wengine wameingia mjini na kutoka na kuingia. Mlima umefunguka tena, na tena tukakimbia, safari hii upande wa Sake, na mama yangu hakuwepo tena kubeba sufuria. Kuna miaka nilikuwa na tenori kumi na alto mmoja. Kuna mwaka nilikuwa na watoto wadogo tu, wakimbizi kutoka kambi za kando ya mji, wasiojua kusoma hata neno, na niliwaandikia wimbo wa nota tatu wakauimba vizuri sana. Kaka wa soprano hakurudi. Familia yao ilihamia Butembo, na kwa muda mrefu sikusikia habari za dada yake.

Siku moja, nikiwa soko la Virunga nikichagua viazi, simu ililia. Nilimtambua kabla hajajitaja, kwa sababu aliniita Madamu kwa namna ileile.

Aliniambia ana mume, ana watoto, anaongoza korali ya kanisa lao.

"Madamu, ule wimbo ninaufundisha hapa. Nimeuwekea maneno ya kwetu, ya Kinande. Yale mengine bado siwezi. Nimekosea?"

Niliwaza kuhusu koko aliyewaimbia wawili, na juu ya binti wa Masisi na mkono wake kiunoni. Kuna jambo lilikuwa linapotea na kuna jambo lilikuwa linabaki, na sikujua lipi nililie.

"Yanasema nini hayo maneno?" nilimwuliza.

"Mutoto anyamaze. Mama yuko."

"Hujakosea," nilisema.

Alicheka kidogo, kicheko cha kupumua. Halafu akasema kuna mahali sauti ya pili inamkwama, pale inapokutana na ya kwanza, hakumbuki kama inapanda au inangoja. Muuza viazi alikuwa akinisubiri na mfuko wazi. Niliziba sikio moja kwa kiganja, nikamwimbia alto pale sokoni, mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole, na upande wa pili nikamsikia akirudia baada yangu.